Jeep Niliijua kwa Viti Vyake

Nimeacha kazi. Vidole havishiki tena shazia, na fundi asiyeweza kusukuma sindano kwenye turubai abaki nyumbani asiwachoshe wenzake. Nyinyi mliobaki karakana pale Gerezani, Dar, na nyinyi mnaopanda ndege kwenda Guangzhou kufuata sponji na ngozi za bandia, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Nadhani mmoja wenu aliomba kwa mzaha, akijua niliishia darasa la nne. Basi asome.

Sitaandika nilipata nini. Aliyetaka kujua angeniuliza wakati ufunguo wa duka uko kiunoni mwangu.

Nilianza kwa Mzee Kibwana, fundi wa viti na turubai za magari. Siku hizo mwanamke akiingia karakana ameleta chakula. Mimi pia nilileta chakula. Nikamkuta mzee peke yake anahangaika kunyoosha turubai la Jeep, nikashika ncha ya pili, na sikuiachia mpaka mwaka huu. Hakunifundisha kushona siku ile. Alinipa kisu kidogo na kiti kibovu cha Jeep, akasema, "Kifungue mpaka ufike kwenye chuma. Usichane. Fungua."

Nikafungua kutwa nzima. Juu palikuwa na plastiki ya maua, ile ya kitambaa cha meza. Gari lilikuwa la mwalimu mkuu mmoja wa Muheza, na mkewe alikuwa amechoka kukalia springi. Chini ya plastiki pakatokea turubai la kijani lililoshonwa kwa uzi wa katani. Aliyelishona alikuwa mtu wa mashamba ya mkonge, na mkono wake ulikuwa mzito. Chini ya hilo usumba wa nazi, umegandamana kama bumunda. Chini kabisa, kwenye chuma, kipande cha turubai la kijeshi chenye herufi zilizofifia.

"Hilo ndilo la kwanza," Mzee Kibwana aliniambia. "Wamarekani walilitengeneza gari hili liende vitani. Vita vikaisha, magari hayakuisha. Yakauzwa kwa raia, mabwana wenye mashamba wakayachukua. Mwenye shamba akichoka anamwachia muuza duka, muuza duka anamwachia mwalimu, mwalimu analileta kwangu."

Hivyo ndivyo nilivyoisoma historia ya Jeep, tabaka kwa tabaka. Wapo walioisoma vitabuni, wanajua kampuni imeuzwa mara ngapi na kwa nani. Mimi najua kila mwenyewe alikaa vipi. Dereva wa shamba huchakaa upande wa nje kwa sababu huning'iniza mguu nje. Daktari huchakaa katikati. Mchungaji hachakai, kinachochakaa ni kiti cha pembeni yake, maana hapo hukaa wazee wa kanisa kwa zamu.

Na wenye Jeep ni watu wa namna moja. Mwenye gari lingine akileta viti huuliza, "Lini vitakuwa tayari?" Mwenye Jeep hukaa kwenye benchi na kuanza kukusimulia mto aliouvuka. Kila mmoja amevuka mto. Nimesimuliwa mito mingi kuliko iliyomo nchini. Mchungaji mmoja wa Korogwe alikuwa na Jeep isiyo na breki ya mkono, akawa anatembea na jiwe la kuwekea gurudumu. Aliniomba nilishonee lile jiwe mfuko chini ya kiti lisimgonge kisigino. Nikashona, nikatia na kifungo. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kulifanyia jiwe, na hakuna aliyewahi kunishukuru kama yule mtu.

Miaka ya tisini zikaanza kushuka bandarini Jeep za aina nyingine, zilizotumika Japani, zinazoitwa Cherokee. Zina paa la chuma na kiyoyozi, na wenyewe wanavaa tai. Nikadhani mambo ya mito yamekwisha. Hayakuisha, mto ukawa maji ya mvua pale bonde la Jangwani. Usukani wa hizi kutoka Japani uko kulia, kama ulivyo kwetu. Shikeni hilo la usukani, ndilo lenye kisa.

Mzee Kibwana alipofariki nikabaki na karakana, na ngozi nzuri ya bandia ikawa haipatikani mjini. Watu wakasema iko Guangzhou. Nikaenda, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Nyinyi leo mnateremka Pazhou kwenye kumbi za maonyesho, mna simu inayotafsiri. Sisi tulikuwa wachache, tunajuana kwa majina, na ukiona Mswahili barabarani unavuka ng'ambo kwenda kumsalimia hata kama humpendi. Kitu cha kwanza nilichokiona nilipotoka kituo cha treni kilikuwa ni Cherokee imeegeshwa. Wachina walikuwa wanaziunda wenyewe kule Beijing kwa ubia na Wamarekani, na wapita njia walikuwa wamezizoea. Sikutafuta hoteli. Niliinama kuchungulia viti mpaka askari akanifukuza.

Usukani wake ulikuwa kushoto. Nikaona, nikapita.

Kazi yangu ilikuwa Kangle, kijiji kilichomezwa na mji, nyumba zimeegemeana mpaka mtu wa dirisha hili anaweza kumkorogea chai wa dirisha lile. Chini mikokoteni ya vitambaa, juu vyerehani vinanguruma. Ghorofa ya pili ya nyumba mojawapo alikuwa Laoban Chen. Laoban maana yake bosi. Kule kila mwenye meza ni laoban, hata mimi nilikuwa. Chen alikuwa anashona mabegi na vifuniko vya viti vya magari. Mtu mwembamba, anaongea kama anagombana, akigombana hunyamaza.

Mkataji wake aliitwa Afang. Alikuwa ametoka Hubei, mkoa wa mbali, analala kwenye chumba cha juu ya karakana pamoja na washonaji wenzake. Mkasi wake ulifungwa kitambaa mpinini na hakuna aliyeugusa. Nimeona wakataji Dar, Tanga na Mombasa. Wanakata, halafu mshonaji anahangaika kuvuta huku na huku mipaka ikutane. Alichokata Afang kilikutana chenyewe. Siku ya kwanza nilipomwona akikata tabaka nane za ngozi kwa pamoja, nilikaa kwenye gunia la mabaki, nikasahau kupatana bei. Chen alifurahi sana.

Wa kututafsiria alikuwa Gervas, kijana wa Bukoba, mwanafunzi wa chuo kikuu pale mjini, mtu wa kanisa na adabu. Adabu yake ilinigharimu. Mimi nasema maneno yangu yote, yeye anasema nusu.

"Gervas, umemwambia?"

"Nimemwambia, Mama."

"Mbona yangu yalikuwa marefu na yako mafupi?"

"Kichina ni kifupi, Mama."

Basi. Bwana Sefu wa Dar, aliyekuwa na Cherokee za kukodisha kwa maofisi, akaniagiza vifuniko vya viti vya magari yake yote. Shida yake ilikuwa moja: kiti cha dereva. Madereva wake wanakaa garini kutwa wakisubiri wakubwa, na kiti hicho kinatoboka wakati vingine bado vipya. Nikamwambia nitamtilia ngozi maradufu kwenye kiti cha dereva, mshono wa pili chini ya mapaja. Akakubali. Nikavua vifuniko vya gari lake moja, nikachora karatasi za kukatia, nikaenda nazo Guangzhou. Kila karatasi nilitia msalaba upande mmoja: upande huu uwe juu. Ngozi ya bandia ina uso na mgongo. Ukigeuza karatasi unapata kiti cha kulia kikiwa cha kushoto. Kila fundi analijua hilo. Afang alilijua kuliko mimi.

Nikaagiza, nikaenda Xintang, mji wa jirani, kutazama turubai za jinzi, nikarudi kuchukua mzigo. Kontena lilikuwa linafungwa kesho yake.

Vifuniko vilikuwa vimepangwa vizuri mezani. Nikafungua cha dereva. Mshono safi, ngozi maradufu kama nilivyotaka, na tundu la mkono wa kulazia kiti liko kushoto. Nikafungua cha pili. Kushoto. Vyote vilikuwa kushoto. Ngozi maradufu yote ilikuwa imekwenda kwenye kiti cha abiria.

"Gervas, muulize Afang kwa nini amegeuza karatasi."

Afang hakusubiri swali limalizike. Alikuwa anatabasamu. Gervas akamsikiliza, halafu akanitazama kama mtu anayeleta taarifa ya msiba.

"Anasema ulikosea, Mama. Msalaba uliutia upande usio wake, ukampeleka dereva mlango wa kulia. Anasema aliona, akakurekebishia zote. Anasema usijali, hajamwambia mtu."

Alikuwa amenisitiri. Katika maisha yake hajaona gari ambalo dereva anakaa kulia, basi akaona bibi wa watu ametoka mbali, amekosea kitu kidogo, hakuna haja ya kumwaibisha. Nikamwambia Gervas amweleze kwamba kwetu dereva hukaa kulia na tunapita kushoto mwa barabara. Gervas akaeleza. Tabasamu likaondoka. Akauliza swali moja.

"Anauliza, mnagongana?"

"Mwambie tunagongana, lakini si kwa sababu hiyo."

Chen akaja. Akashika kifuniko, akakigeuza, akanyamaza. Nikajua tumekwisha. Kisha akasema maneno machache, na Afang akaweka mkasi mezani na kurudi nyuma.

"Anasema nini?"

"Anasema vinaingia kwenye kiti, uvichukue. Dereva hatajua."

"Dereva atajua kwa makalio. Mwambie sivichukui."

Gervas akasita.

"Mwambie kama nilivyosema, Gervas. Na makalio uyaseme."

Aliyasema, nadhani, maana wasichana wa vyerehani walicheka. Chen hakucheka. Akajibu kwa utulivu, akimwonyesha Afang kwa kidevu.

"Anasema kama huchukui, huyu anaondoka leo. Na chumba cha juu anakiacha."

Siku hizo mtu wa mkoa mwingine asiye na kazi wala kibali hakuwa na raha mjini. Anaweza kukamatwa sokoni akarudishwa kwao na nguo alizovaa. Afang aliyasikia yale na hakulia wala kuomba. Alianza kufungua kile kitambaa cha mpini wa mkasi. Mkasi ulikuwa wa karakana, kitambaa kilikuwa chake.

Nikasema, "Mwambie asifungue kitu. Mwambie Chen anipe kifuniko kimoja cha dereva, anifuate chini."

Niliteremka ngazi nikiwa sina mpango mzuri, ila nilijua nilichokiona nikiingia. Mbele ya duka la vitambaa palikuwa na Cherokee ya Beijing, imepakiwa majora ya jinzi mpaka kwenye kioo cha nyuma. Mwenyewe aliitwa Laoban Wu, mtu mnene anayeleta jinzi kutoka Xintang, na alikuwa amekaa mlangoni akila tikiti maji. Viti vya gari lake alikuwa amevifunika taulo za kuogea.

"Gervas, muombe ruhusa nimvalishe kiti."

"Mama, hatumjui huyu mtu."

"Ana Jeep. Muulize kwanza amewahi kuvuka mto gani."

Gervas akauliza, kwa adabu na kwa aibu. Wu akaweka tikiti chini. Akasimama. Akaanza kueleza kwa mikono yote miwili, maji yamefika hapa, yamefika hapa, injini haikuzima. Gervas akataka kutafsiri nikamwambia aache, ninaufahamu mto huo. Wakati Wu anaeleza, mimi nilikuwa nimekwisha toa taulo. Nikavalisha kifuniko kwenye kiti chake cha dereva, cha kushoto. Mkono wa kulazia kiti ukatokeza kwenye tundu lake. Pembe zikakaa. Hakuna mahali nilipovuta. Afang alikuwa ameteremka nyuma yetu, akaingiza vidole kwenye mkunjo wa mgongo, akausukuma mara moja tu, na kiti kikawa kama kimezaliwa hivyo.

Wu akakaa. Akajisogeza. Akapiga ngozi kwa kiganja, mahali pale pa maradufu. Akafunga mlango, akashika usukani, hakuondoka na hakushuka.

"Anauliza cha pembeni yake kiko wapi," Gervas akasema. "Na vya nyuma. Na anasema ana rafiki zake."

Chen alisimama kando ya gari na nilimwona anavyolitazama upya lile rundo la ghorofani. Kwangu mimi ulikuwa mzigo mbovu. Kwa Wachina wenye Jeep ulikuwa mzigo kamili, umekatwa na mkataji bora mtaani, kwa upande wao. Nikamwambia Gervas, polepole, ili asipunguze: "Mwambie vile vya juu ni vyake, awauzie hawa. Vyangu anikatie upya, dereva kulia. Akate Afang. Mwingine akigusa karatasi zangu, nakwenda mtaa wa pili."

Chen akafikiri. Kisha akauliza la maana, kwa sababu hakuwa mjinga. Kukata upya ni siku kadhaa na kontena linaondoka kesho. Je, mteja wangu atasubiri? Kwa sababu yeye hakati ngozi mara ya pili kwa ajili ya mtu ambaye atakuja kusema mteja amekimbia. Akiona dalili hiyo, Afang anaondoka na mimi niende huo mtaa wa pili.

Nilikuwa sijazungumza na Bwana Sefu. Ningeweza kusema ngoja nimpigie kwanza. Afang alikuwa amesimama mlangoni pa gari la Wu, mkono bado uko juu ya mshono.

"Mwambie nitavichukua," nikasema. "Asubiri mteja, asisubiri, nitavichukua mimi."

"Mama, una uhakika?"

"Tafsiri, Gervas."

Ndipo nikaenda kibanda cha simu. Sikupiga kabla kwa sababu nilimjua Sefu.

"Bi Mkubwa! Mzigo umepanda?"

"Haujapanda. Vimekatwa kwa dereva wa kushoto, vinakatwa upya. Utapanda kontena lijalo."

"Lijalo? Mimi gari zangu zimevaa magunia! Watu wa ofisi wanakaa kwenye magunia! Hivyo vilivyokatwa haviingii?"

"Vinaingia. Dereva anakaa kwenye ngozi moja."

"Si nipe hivyo hivyo! Nani anamwangalia dereva?"

"Wewe uliniambia shida yako ni kiti cha dereva."

"Shida yangu leo ni magunia. Pakia."

"Sipakii. Vimeshakwenda kwa wengine."

"Umewapa Wachina mzigo wangu?"

"Nimewapa wa kwao. Wako unakatwa."

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini hapa Kariakoo kuna vifuniko vya mpira vya kuvuta, vimetoka Dubai, navalisha leo jioni."

"Vitachanika."

"Vichanike. Nitanunua vingine." Na akakata simu. Hakurudi kwangu tena, wala kwa salamu. Nasikia alivalisha vya Dubai na vilichanika, lakini hilo halikunisaidia chochote wakati ule.

Nilirudi Kangle kwa miguu. Njia ilikuwa ndefu ya kutosha kufikiria mwenye Jeep mmoja mmoja niliyemjua, yupi ana Cherokee, yupi kiti kimetoboka. Nikapata majina ya kuanzia. Mengine ilibidi niyatafute, na niliyatafuta miaka miwili, gari kwa gari, mto kwa mto, kabla kifuniko cha mwisho hakijatoka dukani. Mpaka leo wateja wengi mnaowarithi walipatikana namna hiyo. Mnapowaona wamekaa kwenye benchi wanasimulia, waacheni wasimulie.

Ghorofani, Afang alikuwa amekwisha tandika ngozi mpya, tabaka nane. Karatasi yangu ilikuwa mkononi, hajaiweka. Chen alikuwa amesimama ncha ya pili ya meza. Gervas akaniuliza kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Amesemaje, Mama?"

"Amekwenda zake."

Afang akaniuliza kwa Kichina neno hilo hilo, sikuhitaji kutafsiriwa. Chen naye akageuka kusikiliza.

"Waambie," nikamwambia Gervas, "mteja anasema dereva akae kulia."

Gervas akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akayasema maneno yangu yote, hayakupungua hata moja. Afang akalaza karatasi, msalaba juu, akaipapasa kwa kiganja mpaka ikatulia. Halafu akafungua mkasi.